Nilikwenda Dakar na Madira Manne Meusi

Mpenzi msomaji, kabla sijakupeleka Dakar, ngoja kwanza nikufungulie begi langu. Suruali mbili nyeusi za mpira kiunoni, koti moja la ofisini, na madira manne. Yote meusi. Yaani mhariri mzima wa jarida la wanawake, anayekaa kila mwezi kukuambia uvae nini, anasafiri siku tisa na rangi moja! Mume wangu alikuwa amekaa kitandani ananiangalia nikipanga. Akauliza kwa upole, "Mama watoto, unakwenda kwenye warsha au kwenye msiba?"

Nikacheka. Ila lile swali liliniingia.

Ukweli ni huu. Tangu nimpate mtoto wa pili, mwaka wa tatu sasa, mwili wangu haujarudi ulikokuwa. Nguo za zamani zinakwama mapajani. Mpya nikijaribu dukani, zipu inagoma katikati ya mgongo, halafu yule binti muuzaji anaanza kunitazama kwa huruma. Ndipo nikaligundua dira. Dira halina zipu, halina kiuno, halikuulizi kitu. Nilianza kulivaa nyumbani, likanifuata sokoni, mwisho likaingia ofisini na koti juu yake. Kadi za harusi zikija nasingizia kazi. Mara ya mwisho kutoka mimi na baba watoto, sisi wawili tu, sikumbuki hata ilikuwa sikukuu ipi.

Na usisahau kwamba ni mimi niliyehariri zile kurasa za "Ficha kitambi kwa mbinu saba". Vaa nyeusi. Epuka mistari ya kulala. Epuka maua makubwa. Basi mwenzenu nilikuwa nafuata ushauri wangu mwenyewe, neno kwa neno.

Ijumaa, saa saba mchana

Dakar imekaa kwenye rasi iliyochomoza baharini, na hapo Almadies ndipo bara la Afrika linapoishia upande wa magharibi. Upepo haupumziki. Nilifika Alhamisi usiku, sikuona kitu zaidi ya taa. Kesho yake warsha ikavunjwa mapema kwa ajili ya sala, nikatoka kwenda kutafuta laini ya simu mitaa ya Plateau, katikati ya mji. Sikuipata laini, maana nilisimama pembeni ya barabara karibu saa nzima nikiwatazama watu.

Aliyenisimamisha ni mama mmoja mnene, mrefu, umri kama wa mama yangu mdogo. Alikuwa amevaa boubou la rangi ya embe bivu, limedariziwa kifuani kwa uzi mweupe, na kilemba cha kitambaa hicho hicho kimesimama kichwani kama jahazi limefungua tanga. (Hilo neno boubou usilitamke haraka. Kwetu bubu ni mtu asiyesema, na hili vazi linaongea.) Shingo yake ni pana, basi upande mmoja unateleza begani, yeye anaurudisha. Hatua tatu, unateleza tena, anaurudisha tena, simu iko sikioni na mazungumzo hayakatiki. Nilidhani fundi kamkosea vipimo. Baadaye nikaambiwa hapana, kule kuteleza na kule kurudisha ndiko kwenyewe. Bega linaonekana, linafunikwa, linaonekana. Na alikuwa anavuka barabara katikati ya magari, hana habari.

Nyuma yake binti mwembamba, jinzi imepasuka magotini, raba nyeupe pee, na kilemba cha kitenge juu. Halafu wafanyakazi wa benki wawili, kila mmoja na vazi wanaloliita taille basse: blauzi inayobana mpaka kiunoni kisha inachanua kwenye nyonga, na sketi ndefu inayokufanya utembee taratibu upende usipende. Halafu mwanamke mwenye hijabu na gauni pana la mikono ya marinda. Halafu muuza karanga, naye kavaa boubou. Kitambaa cha bei rahisi, nakubali, limefuliwa mpaka limepauka, lakini ni boubou la Ijumaa na kilemba chake amekifunga kwa makini kama wale wa benki.

Hiyo ndiyo siku yao. Wasenegali wengi ni Waislamu, na Ijumaa hata asiyekwenda msikitini anavaa vazi la heshima. Wana na neno lake kwa Kiwolofu, "sañse", kujipamba ukapambika. Sisi Waswahili tunalo letu, kujikwatua, ila kwetu mtu anajikwatua akiwa na mahali pa kwenda. Mwenyeji wangu, mwandishi wa habari wa huko, nilimuuliza wale wote wanakwenda sherehe gani. Akanishangaa. "Wanakwenda kazini, dada."

Nisije nikakudanganya kwamba Dakar ni hivyo kutwa. Jumatatu mji unarudi kwenye jinzi na fulana kama Dar. Mitumba iko tele, imejaa Colobane, na jina lake ni "fëgg jaay", kung'uta uuze, maana muuzaji anaichukua nguo kwenye lundo, anaikung'uta vumbi, anaitaja bei. Jioni barabara ya ufukweni inajaa wasichana wa taiti na raba wanakimbia mazoezi. Ndani ya yale mabasi yao ya umeme ya mwendokasi, yaliyoanza 2024, ukiziba masikio unaweza kudhani uko Kimara. Lakini nilichokiona Ijumaa kilikuwa kimeshaniharibia lile begi langu. Asubuhi ya pili nilisimama mbele ya kioo cha hoteli na dira jeusi, nikaona msiba kweli.

Kitambaa kinachopigwa

Jumamosi mwenyeji wangu akanipeleka soko la HLM. Jina lenyewe ni kifupi cha Kifaransa cha nyumba za bei nafuu zilizojengwa mtaa huo, lakini leo ukitaja HLM kila mwanamke wa Dakar anajua umekwenda kununua kitambaa. Ni vichochoro na vibanda, majora yamesimama mpaka juu, na katikati yake mafundi.

Mfalme pale ni bazin. Ni kitambaa cha pamba ambacho maua yake yamefumwa humo humo kwenye uzi, hayakuchapwa, kwa hiyo unayaona mwanga ukigonga kwa ubavu. Kile cha daraja la juu kinafumwa Ulaya, zaidi Austria na Ujerumani. Cha bei ya chini kinatoka China. Kinafika kikiwa cheupe, wanawake wa Mali wanakitia rangi kwa mikono, halafu kinapelekwa kwa wapigaji: vijana wawili wanakaa wametazamana, katikati gogo, kila mmoja na rungu la mbao, wanakipiga kwa zamu mpaka king'ae kama kimepakwa nta. Ndiyo maana mwanamke aliyevaa bazin mpya unamsikia kabla hujamwona. Inalia kama karatasi.

Najua kuna msomaji ameshasema, "Ala! Vazi la Kiafrika linafumwa Austria?" Dada, vitenge vya wax vinavyosifiwa kuliko vyote vinatoka Uholanzi, na kanga ngapi za bibi yako zilitoka India? Uzi unatoka kokote. Rangi, mshono na namna ya kutembea nacho, hivyo ndivyo vya mwenyewe.

Mkono wangu, kwa mazoea, ulikwenda kwenye bazin nyeusi. Mwenyeji wangu akaushika akauhamisha. Tukabishana. Mimi nasema nyeusi inapunguza, yeye anasema inapunguza nini? Mwenye duka naye akaingilia kwa Kiwolofu, mteja mmoja akaingilia, mwisho nikatoka na kijani. Siyo kijani cha majani makavu kile ambacho ningeweza kujificha nacho. Kijani cha kasuku.

"98!"

Kumbe mtihani ulikuwa bado. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia fundi anishonee kitu kama dira, kikubwa, basi. Fundi alikuwa baba wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, pini mdomoni. Mashineni alikuwepo kijana mwanafunzi wake na daftari limekunjamana. Wateja watano wamekaa kwenye benchi wanasubiri. Akachukua futi akaanza kunipima palepale mbele ya watu, na kila namba anaitangaza kwa sauti kwa Kifaransa ili kijana aandike. Mwenyeji wangu ananitafsiria sikioni, sijui kwa nini, nisingetaka kujua.

Kifua 112. Kiuno 98. Nyonga 124.

Wenzetu wanapima kwa sentimita, kwa hiyo mara ya kwanza sikuelewa. Nikaanza kupiga hesabu. Hiyo 124 ni inchi 49. Nikahisi masikio yanawaka moto. Nikasubiri. Kwetu unajua kinachofuata: fundi atasema, "Dada umeongezeka!" au yule wa kwenye benchi atanikata jicho, au mwenye roho nzuri atanitajia chai ya kupunguza tumbo. Nilisubiri, msomaji wangu. Kijana akaandika 124. Fundi akahamia kwenye urefu wa mkono. Mama mmoja kwenye benchi alikuwa anatafuta chenji kwenye mkoba wake. Hakuna aliyeinua kichwa.

Zilikuwa namba tu. Za gauni.

Nikapata nguvu nikamwambia kupitia mwenyeji wangu, "Liwe kubwa hapa kiunoni, lisibane." Fundi akatoa pini mdomoni, akanitazama tangu juu mpaka chini, siyo kwa ubaya, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kutia mkasi. Akauliza swali moja. Mwenyeji wangu akasita kidogo kutafsiri.

"Anauliza, mbona unataka akushonee mtu mwingine?"

Nikakosa jibu. Akaandika taille basse.

Mnene ana jina zuri

Usiku ule, juu ya sinia la wali na samaki, niliwauliza wanawake wa nyumba ile kwa nini hakuna aliyeshtuka. Wakaniambia Dakar ina majina. Msichana mwembamba wa kisasa, wa jinzi na wigi, anaitwa "disquette", kama ile diski ndogo ya kompyuta ya zamani. Mwanamke mtu mzima aliyejaa, anayetembea taratibu na boubou lake na manukato yake, huyo ni "drianké", na jina hilo ni sifa. Kuna wasichana wanaosubiri kwa hamu kuwa drianké. Sisi wetu tunamwita bonge, halafu tunamwambia tunamtania.

Wakanifungulia na siri zao nyingine, ambazo mwanamke wa Pwani hatazishangaa. Shanga za kiunoni wanaziita "bin-bin". Udi wao, "thiouraye", ni mbegu na mizizi iliyolowekwa kwenye manukato, inachomwa kwenye chetezo cha udongo, nguo zinafukizwa, chumba kinafukizwa. Na kuna kijiguo kidogo cha ndani, "béthio", ambacho sokoni HLM kinauzwa hadharani na akina mama wanaokueleza matumizi bila kupepesa macho. Nilinunua. Hayo mengine ni ya chumbani kwangu. Kilichonigusa ni kwamba pale mama wa miaka hamsini na ushei anaongea habari za kumvutia mumewe bila kusema "sisi tumeshazeeka". Mimi nina thelathini na sita na nilishajistaafisha.

Lakini mwenyeji wangu ni mwandishi, hakuniacha niondoke na picha nzuri tu. "Usiende kuandika kwamba sisi ni malaika," akasema. Mwembamba naye anasakamwa pale, anaulizwa kama mumewe hamlishi. Halafu kuna mkorogo, wao wanauita "xessal". Mwaka 2012 mabango ya krimu ya kujichubua yalitapakaa mji mzima, yakiahidi weupe ndani ya siku 15, mpaka wananchi waliochukizwa wakaanzisha kampeni yao ya kujibu na kuiita "Ñuul Kukk", yaani nyeusi tii. Mabango yalikwenda, mkorogo upo. Nimewaona kwa macho yangu akina mama wamevaa bazin ya kutisha kwa uzuri, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi uso ukiwa wa rangi nyingine.

Halafu pesa. Hapa ndipo sauti ya dada yule ilipobadilika. Tabaski, yaani Idi ya kuchinja, au siku ya nane mtoto anapopewa jina, mwanamke wa Dakar anatarajiwa kutoka na nguo mpya, na sherehe kubwa anabadilisha mara mbili au tatu kwa siku. Senegal ilipitisha sheria ya kuzuia matumizi ya kupindukia kwenye sherehe za kifamilia tangu 1967. Nilipomuuliza kama kuna anayeifuata, meza nzima iliangua kicheko. Binamu yake alipokea zamu yake ya upatu, akaimaliza yote kwenye bazin na zawadi za mawifi siku moja. Na yeye mwenyewe? Akanifungulia kabati. Maboubou yamepangwa kwa rangi, sikuyahesabu. "Unaona hizi?" akasema. "Hapa kuna kiwanja. Mpaka leo napanga."

Tukakaa kimya. Nikafikiria sare zetu za send-off na kitchen party, kitambaa cha kuvaliwa siku moja, na michango juu. Sikuwa na la kumfundisha mtu.

Alhamisi usiku

Fundi aliahidi Jumatano. Jumatano hakuna gauni. Fundi ni fundi dunia nzima. Alhamisi saa nne usiku, kesho yake nasafiri, kijana akaja hotelini na mfuko wa nailoni. Nikajifungia bafuni.

Zipu ilipanda. Ilipanda mpaka juu bila mimi kuvuta pumzi. Kiuno kilikuwa pale pale kilipo kiuno changu, sikujua kama bado ninacho. Nyonga zile 124 zilikuwa ndizo zinazoibeba ile sehemu inayochanua; ukiziondoa, gauni halina kazi. Sitakuambia nilijiona mrembo wa Dakar. Tumbo lilikuwepo, mikono ilikuwa minene vile vile. Lakini nilikuwa sijajitazama kioo kizima kwa muda ule tangu mwanangu azaliwe, na nilipogeuka kujiangalia nyuma kitambaa kikalia.

Ilikuwa saa saba usiku Dar, wapo mbele saa tatu. Sikumpigia mume wangu. Nikapiga picha, nikaifuta, nikapiga nyingine, nikaifuta.

Nikaona bora nisafiri nalo. Mwenyeji wangu alinifunga kilemba uwanja wa ndege, akakivuta nyuma mpaka macho yakanitoka, akasema usikiguse mpaka kwenu. Ukiwahi kulala kwenye ndege na kilemba cha bazin utanielewa. Nilifika Dar nimekunjamana, kilemba kimelala upande, nanuka udi. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye uzio wa wanaopokea wageni. Akanitazama, akanipita kwa macho, akaendelea kutafuta nyuma yangu. Nikasogea. Akanitazama tena, akapita tena. Nikamwita jina lake, siyo baba nanihii, jina lake.

"Samahani," akasema, "nilikuwa namtafuta yule wa msiba."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda harusi ya jirani. Kadi nilikuwa nimeshaikataa, ikabidi nikaiombe upya.

Ofisini nikakuta ukurasa umeshapangwa: "Nguo 10 za kukupunguza". Niliuweka mezani siku mbili. Kuutoa kabisa niliogopa, maana barua zenu ndizo zinazouomba, na mimi mwenyewe ningeusoma. Mwisho nikamwambia mwandishi wetu atafute wanawake watatu wa miili mitatu tofauti, awapeleke kwa fundi wapimwe, washonewe, na vipimo vyao tuviandike kama vilivyo. Wawili wamekubali. Wa tatu anasema atakuja akishapungua. Tunamsubiri.

Kuhusu gauni lenyewe, nimelipeleka kwa fundi wangu hapa Sinza anitolee la pili kwa kitenge, maana bazin mimi siiwezi kila mwezi. Kaligeuza ndani nje, kaliangalia mishono kwa muda mrefu, kapiga mluzi. Kumbe yule baba wa Dakar aliacha inchi nzima na nusu ya kitambaa ndani ya kila mshono wa pembeni, kwa ajili ya kupanua au kupunguza.

"Huyu jamaa anajua," fundi wangu akasema. Nikamuuliza langu litakuwa tayari lini. Akasema Alhamisi. Leo naandika ni Jumanne ya wiki ya pili, na simu yake haipokelewi.